Nilipima Udongo Ukiwa Mkavu

Kosa langu limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwenye hesabu za jengo moja la ghorofa huku Usambara: uzito wa udongo, kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo. Huo ni uzito wa udongo mkavu. Udongo wenyewe ulikuwa unakwenda kukaa juu ya paa, katika milima ambako masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, vuli hurudi Oktoba, na katikati ya misimu hiyo ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba asubuhi nyingi hata mtu asione mti wa jirani. Nimezaliwa na kukulia huku. Nalijua hilo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuni. Na bado niliandika namba ile, nikapiga mhuri, nikapeleka michoro kuombewa kibali.

Siutaji mtaa wala ofisi iliyotoa kibali, kwa kuwa kosa halikuwa la mtaa wala la ofisi. Mwenye jengo simtaji kwa sababu nyingine: amekwisha kupata hasara ya kutosha kwa ajili yangu. Ninaloweza kulitaja lote ni langu, na ninaliandika sasa kwa sababu vijana wa kazi yetu wameanza kuniuliza habari za paa za bustani, nami nimechoka kuwajibu nusu nusu.

Wazo halikuwa la mama mwenye nyumba. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka kuongeza nyumba ya wageni, na kwa habari ya paa alitaka bati la rangi ya kijani tu, ili mtu akisimama juu asione kitu kinachong'aa katikati ya migomba. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kuna kilicho bora kuliko bati. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwenye semina, kichwani nimejaa picha: Stuttgart, Basel, Toronto, miji yenye nyasi na maua juu ya majengo. Nilimwambia paa la udongo na majani litapoza vyumba, litapunguza kelele za mvua, litashika maji yasiporomoke na kukata uwanja, na wageni watakuja kulipiga picha. Yote hayo ni kweli, paa likijengwa sawasawa. Mama alinisikiliza, akasema, "Wewe ndiye mhandisi, baba. Ukisema linafaa, linafaa." Sentensi hiyo ilipaswa kunitia hofu. Ilinifurahisha.

Nieleze kidogo kuhusu miji niliyoitaja, maana nilikuwa nikiitaja sana bila kusoma walichoandika. Basel, Uswisi, walibadilisha sheria yao ya ujenzi mwaka 2002, wakaagiza kwamba kila paa jipya la bapa lipandwe majani. Toronto, Kanada, walipitisha sheria ndogo mwaka 2009, na tangu mwanzoni mwa 2010 majengo mapya yenye eneo la sakafu la mita za mraba 2,000 au zaidi yakalazimika kuacha sehemu ya paa kwa ajili ya bustani, kuanzia asilimia 20 hadi 60 kadiri jengo linavyokuwa kubwa. Ujerumani wana mwongozo wa kitaalamu wa paa za namna hii tangu mwaka 1982, ambao nchi nyingi zimejifunza kwake. Nilichokuwa nacho mimi ni muhtasari wa mwongozo huo na picha zake. Nilipoulizwa na afisa aliyekagua michoro yangu, "Hili la udongo umefuata kiwango gani?", nilijibu kwa kujiamini, "Cha Ujerumani." Alitikisa kichwa kukubali. Aliuliza swali lililo sawa, akapewa jibu la uongo na mtu mwenye mhuri.

Nasema la uongo kwa sababu mwongozo ule ule wa Kijerumani unataka paa lipimwe likiwa limeshiba maji, udongo umelowa hadi hauwezi kushika tone jingine. Ndiyo kanuni yake ya uzito. Kama ningeusoma ningekuta kosa langu limeandikwa na kukatazwa kabla sijalifanya.

Afisa hakuwa na kitabu cha nyumbani cha kunibana nacho. Tuna Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, tuna kanuni za viwango vya mipango na nafasi za mwaka 2018, na sisi tunaochora tunavijua vifungu vyake: ukubwa wa kiwanja, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, umbali kutoka mpakani na barabarani, idadi ya ghorofa. Kwa hesabu za zege, kizazi changu kililelewa na viwango vya Kiingereza. Hivyo vilisema paa lisilokanyagwa na watu, ila fundi wa matengenezo, lihesabiwe kubeba angalau kilo 60 hivi kwa mita ya mraba juu ya uzito wake lenyewe, na paa linalokanyagwa kilo 150 hivi. Uzito wa kudumu, kama vile vigae au udongo, mhandisi anaujumlisha mwenyewe kwa anachokijua. Kwa hiyo sikuwa gizani. Mwanya ulikuwepo, nami nikauchukua kama ruhusa.

Wazee wetu wangeniambia jambo, kama ningeuliza. Paa la udongo si jipya katika nchi hii. Wagogo wa Dodoma wamejenga tembe kwa karne nyingi: magogo, fito, majani makavu, kisha udongo juu, paa bapa ambalo majani huota mvua ikinyesha. Lakini Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ya mwaka mzima mara nyingi haizidi milimita 600. Wasambaa hawakujenga tembe. Nyumba ya zamani ya huku ilikuwa ya mviringo, paa lake la nyasi limesimama kwa mwinuko mkali ili maji yakimbie. Mji wa Lushoto hupata milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, na kuna vijiji vya upande wa mashariki mwa milima vinavyopata zaidi ya hapo. Paa la bapa huku ni jambo la kulitafakari hata kabla hujaliwekea udongo. Watu walioishi kwenye miteremko hii kabla ya zege walikwisha kulitafakari na kutoa uamuzi, na uamuzi wao ulikuwa unaonekana kwa macho. Mimi niliupita kila siku njiani nikienda kuangalia picha za Basel.

Sasa kazi yenyewe. Juu ya slabu tulipaka lami ya moto tabaka mbili. Hatukuweka kitu cha kuzuia mizizi isipenye, kwa sababu karatasi maalumu ya kazi hiyo ingetoka Nairobi au Dar es Salaam na bei yake ilinitisha. Nikajisemea mizizi ya nyasi ni midogo. Chini ya udongo palitakiwa tabaka la kupitishia maji, tukaweka kokoto, lakini bila kitambaa cha kuchuja juu yake. Kulikuwa na mabomba mawili ya kutolea maji, na hakuna tundu la dharura ukutani endapo hayo mawili yangeziba. Jaribio la kujaza maji kwenye slabu na kuyaacha siku mbili ili kuona kama panavuja, jaribio ambalo halina gharama ila maji na subira, tuliliacha kwa sababu tulikuwa tumechelewa.

Kisha udongo. Mahali pengine hupandwa kwenye mchanganyiko mwepesi: mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, matofali yaliyopondwa, mboji kidogo. Mawe ya namna hiyo yako pande za Arusha na Kilimanjaro, si mbali kiasi cha kushindikana. Mimi niliagiza udongo mweusi wa shambani, wa juu kabisa, kwa kenta, kutoka bondeni kwa mtu aliyekuwa na shida ya fedha.

Hapa pananiumiza kuliko hata zege. Mtu asiyejua historia ya udongo wa Usambara anaweza kuona ni kenta chache za udongo tu. Mwaka 1946 Waingereza walianza mpango wa kuokoa ardhi ya bonde la Mlalo, na katika miaka ya 1950 wakaueneza kuwa Mpango wa Usambara: kila mkulima alime matuta kwenye mteremko, kwa vipimo vilivyowekwa na maofisa, na asiyelima ashitakiwe. Kazi ile nzito iliwaangukia zaidi wanawake. Watu walipinga wakisema matuta yale yanageuza ardhi, yanaleta juu udongo usio na nguvu na kuzika wenye rutuba, na chuki ile ikawa sehemu ya moto wa siasa za kudai uhuru huku milimani. Mpango ukafa kabla ya bendera kushushwa. Kisha kuanzia mwaka 1981 hadi 2000 ukaja SECAP, mradi wa Tanzania na Ujerumani wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti pamoja na mazao. Karibu miaka ishirini ya kupanda mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko, kufuga ng'ombe zizini, kupanda miti kwenye kingo, na lengo la yote hayo ni kwamba udongo wa juu usiondoke shambani. Familia yangu ilipanda mistari hiyo. Nami, mtoto wa familia hiyo, nikaukomba udongo wa juu wa shamba la mwenzangu, nikaulipia, nikaupandisha paani nikiita kazi hiyo utunzaji wa mazingira.

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akisimamia vibarua, alinisogelea siku ya kwanza ya kupandisha udongo. Akaniambia taratibu, ili vijana wasisikie, "Mghoshi, toroli la udongo la mwezi wa pili silo toroli la mwezi wa nne. La mwezi wa nne linasukumwa na watu wawili." Alikuwa amesema kila kitu. Mimi nilimjibu kwamba kuna nondo za milimita 12 mle ndani na asiwe na shaka. Mzee akanyamaza, kwa heshima ya mhuri, akaendelea na kazi.

Majani tuliyopanda ni ya kikuyu, yale yanayotambaa, kwa sababu yanashika haraka. Yanashika haraka kwa kuwa mashina yake hupenya popote penye unyevu.

Mvua za kwanza zilipokuja paa lilikuwa zuri mno. Sitaficha kwamba nilipeleka watu kulitazama. Masika yalipokolea, mama alinipigia simu akasema ameona nyufa nyembamba darini, chumba cha katikati. Sikwenda. Nilimwambia ni lipu inajikunja, kila jengo jipya hufanya hivyo. Baada ya muda akapiga tena: doa la maji limetokea. Nikatuma kijana akaangalie mabomba. Akakuta bomba moja limeziba kwa tope laini lililochujika kupita kwenye kokoto, akalizibua, nikasema yamekwisha. Mara ya tatu mama aliniambia mlango wa chumba cha katikati cha juu haufungi, fremu imebana.

Mlango unaokataa kufunga kwenye jengo lililofungwa vizuri mwezi mmoja kabla si habari ya seremala. Maana yake kitu cha juu kimeshuka. Nilijua mara moja aliposema. Nilikaa na simu mkononi, na badala ya kumwambia watu watoke, nikasema, "Nitapita mwisho wa wiki." Hili ndilo kosa lenyewe. Namba iliyoandikwa vibaya inaweza kumpata mhandisi yeyote mchovu. Siku zile za kunyamaza nikijua, wageni wakilala chini ya paa lile, zilikuwa hiari yangu.

Baada ya siku hizo, usiku mmoja nilirudia hesabu. Paa lilikuwa na mita za mraba 80. Udongo wa kina cha sentimita 15, ukiwa mkavu kwa namba yangu, ni kilo 180 kwa mita ya mraba. Udongo uleule wa mfinyanzi uliochanganyika na mboji, ukishiba maji, unafika kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo kilo 270. Tofauti ni kilo 90 kwa kila mita ya mraba, na kwa paa zima kilo 7,200. Tani saba ambazo slabu haikuambiwa. Kisha mabomba yakiziba: kila sentimita moja ya maji yaliyotuama ni kilo 10 kwa mita ya mraba, sentimita tano juu ya mita 80 ni tani nne nyingine. Jumla, zaidi ya tani kumi na moja. Jengo halikuanguka kwa sababu ya akiba ya usalama ambayo kila mhandisi hulazimika kuiweka kwenye zege kwa ajili ya yale asiyoyajua. Mimi niliitumia akiba hiyo yote kulipia jambo nililolijua.

Asubuhi nilikwenda. Wageni walihamishwa, tukasimamisha mirunda chini ya slabu chumba kwa chumba, kisha vijana wakapanda na mabeleshi, wakaanza kutoa udongo mvua ikiwanyeshea, wakianzia katikati kwenda pembeni ili slabu ipumue. Chini ya udongo tulikuta lami imetobolewa na mizizi mahali pengi. Hakuna aliyeumia. Nimelisema hilo kwa watu wengi kama utetezi, na kila nikilisema naona si utetezi.

Watu wa miji mingine hawakupata bahati yetu. Tarehe 21 Novemba 2013, mjini Riga, Latvia, paa la duka kubwa lilianguka wakati wa jioni, watu wakiwa wananunua chakula. Watu 54 walikufa. Mafundi walikuwa juu wakitandaza udongo na kokoto za bustani ya paa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vilivyoshika paa vilikuwa vimekosewa katika usanifu, na uzito ulioongezwa ukaukuta udhaifu huo. Mei 2016, Hong Kong, paa la ukumbi wa michezo wa chuo kikuu kimoja lilianguka. Lilikuwa limepandwa majani baadaye, juu ya paa ambalo halikujengwa kwa ajili hiyo. Waliojeruhiwa walikuwa watatu tu kwa kuwa ukumbi haukuwa na watu wengi saa ile. Huko kote wana viwango vilivyochapishwa na wakaguzi wenye vyeti. Nasi tusijione mbali: Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Hayo hayakuwa na bustani juu. Lakini mizigo isiyohesabiwa ni ndugu, iwe ni ghorofa ya ziada, tenki la maji au udongo.

Mama alinisikiliza nilipomweleza, meza moja, hesabu zote mbili mbele yake, ya zamani na ya usiku ule. Alikuwa amefundisha hisabati, hakuhitaji kutafsiriwa. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja: "Ulijua lini?" Nikamwambia, tangu uliponieleza habari ya mlango. Akasema, "Basi nikupigie simu ya nini, baba, kama ukijua huji?" Sikuwa na jibu na sinalo hadi leo. Nililipa gharama ya kuondoa udongo, kuimarisha slabu na kuweka kenchi na bati juu yake. Sikuweza kumlipa msimu wa wageni alioupoteza. Udongo niliurudisha shambani kwa yule mtu wa bondeni, uliochanganyika na kokoto na vipande vya lami, na sijui kama nilimsaidia au nilimharibia mara ya pili.

Juu ya nyumba ile sasa kuna bati la kijani, kama mama alivyotaka tangu mwanzo, na gata linaloshusha maji kwenye tenki. Mita za mraba 80 za bati chini ya milimita 1,000 za mvua huleta karibu lita 80,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza robo, yanabaki maji mengi ya kufulia, kumwagilia na kupikia, na uwanja haukatwi tena na mtiririko wa kwenye kingo. Nimefika mahali pa kusema jambo ambalo wapenzi wa paa za bustani hawatalipenda: kwa nyumba nyingi za Lushoto, Soni, Mlalo au Bumbuli, zenye kenchi za mbao na bati, dawa ya maji ya paa ni gata, tenki, na mfereji uliopandwa majani chini. Bustani iwe ardhini, ambako ardhi ipo. Sera ya kuwalazimisha watu hawa kupanda majani juu ya nyumba ingekuwa matuta ya miaka ya 1950 yaliyorudi kwa jina jipya: kipimo cha watu wa mbali, kazi na gharama za watu wa hapa.

Hilo halimaanishi paa la bustani halina mahali. Lina mahali pazuri kwenye mapaa ya zege ya bapa, majengo ya vyuo, hospitali, masoko, na zaidi sana Dar es Salaam, ambako joto la mchana hukaa kwenye zege hadi usiku na mvua ya saa chache hulijaza bonde la Jangwani. Huko kila lita inayoshikwa juu ni lita isiyofika mto Msimbazi kwa haraka. Ningependa kuyaona. Ningependa pia wenzangu walio Shirika la Viwango, walio bodi za wahandisi na za wasanifu majengo, wasisubiri ajali ndipo waandike.

Na kwa halmashauri za milimani, sioni haja ya kitabu kinene. Maswali machache kwenye fomu ya kibali yangenizuia mimi. Udongo utakaowekwa una uzito gani ukiwa umeshiba maji, na nani ameupima, kwa kuukata kipande, kuulowesha na kuuweka kwenye mizani, si kwa kunakili kitabuni? Slabu imejaribiwa kwa maji kabla ya kufunikwa, na mkaguzi gani aliona? Maji yatatoka wapi bomba likiziba? Udongo unatoka wapi? Hili la mwisho ningeliwekea marufuku ya wazi, kwamba udongo wa juu wa mashamba na wa misitu ya hifadhi usipandishwe paani kabisa. Watu wa Basel, ambao niliwataja sana bila kuwasoma, hutaka paa zao zipandwe mimea ya eneo lao lenyewe. Sisi tunayo mimea inayoota juu ya miamba ya Irente na Mambo kwa udongo wa kina cha kidole, inayovumilia jua na ukungu pia, na watu wa utafiti wa misitu wako hapa hapa Lushoto. Kikuyu isiwemo. Halafu swali ambalo hakuna aliyeniuliza nami sikumwuliza mama: baada ya fundi kuondoka, nani atapanda juu kila mwezi kuzibua mabomba na kung'oa miche ya mikaratusi iliyoletwa na upepo? Kama hakuna jina la kuandika hapo, kibali kisitoke.

Mhandisi mwenzangu, hasa kijana, ikiwa una jengo lenye udongo juu na ulihesabu kama nilivyohesabu, rudi kwenye karatasi zako leo. Ukikuta umekosea, piga simu wewe, usingoje kupigiwa. Nawe mwenye nyumba, kama una bustani juu ya paa, au matangi na vyungu vizito ambavyo havikuwamo kwenye ramani, mwite mhandisi ayaone kabla ya Machi, mwambie akuonyeshe namba ya udongo uliolowa. Na ukiona mlango wa juu umekataa kufunga ghafla, toka na watu wako kwanza, simu baadaye.